Mgeni amekuja Kigali, sasa mwenyeji apone: barua ya wazi kwa wakuu wa mchezo wa baiskeli

Kwa Bwana David Lappartient, Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI);
Kwa viongozi wa Shirikisho la Baiskeli Afrika;
Kwa wenyeviti wa vyama vya baiskeli vya nchi zetu.

Waheshimiwa,

Nianze na ahsante, kwa sababu mnaistahili. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za barabarani yalifanyika Kigali, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Afrika kuyapokea tangu yaanze zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Waliodhani njia ya Kigali itakuwa laini walinyamazishwa na vilima vyenyewe. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, mipando yake ukiijumlisha inapita mita 5,000, na katika umati wote ulioanza asubuhi ni waendeshaji 30 tu waliouona mstari wa mwisho. Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akamaliza sitini na zaidi za mwisho akiwa peke yake. Siku moja kabla, Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachambuzi wengi hawakuwa wamemtaja, aliwaacha wenye majina makubwa wakitegeana, akaenda kuchukua jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, amelala, ameondoka. Barua hii inauliza habari za kupona kwa mwenyeji.

Niseme moja kwa moja ninachokitaka. Tujengeeni viwanja vya baiskeli vya mzunguko, velodromu, vya zege na visivyo na paa, kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kisha yaunganisheni mashindano ya Afrika ya barabarani na ya uwanjani yawe safari moja. Mengine yote nitakayoyasema hapa yanazunguka mambo hayo mawili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona velodromu: ni njia ya duara refu iliyoinamishwa kwenye kona. Kwenye uwanja wa mita 250, ambao ndio wa Olimpiki, kona zake zimeinuka kwa zaidi ya nyuzi 40, kiasi kwamba mtu akisimama juu anaona kama ukuta. Baiskeli yake haina breki na ina gia moja, na pedali haziwezi kutulia: gurudumu likizunguka, miguu inazunguka nalo. Humo ndimo kuna mbio fupi za kasi, mbio za kufukuzana kwa timu, keirini (kundi huanza nyuma ya pikipiki, kisha hufyatuka), madisoni (wawili wawili wakipokezana) na omniamu (mbio kadhaa zinazojumlishwa alama). Ni mchezo wa kasi na hesabu, na mtazamaji akikaa kiti kimoja anauona wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mbio za barabarani haziwezi kumpa.

Sasa tuangalie medali zilipo. Katika Olimpiki ya Paris 2024 barabara ilikuwa na medali nne za dhahabu. Uwanja ulikuwa na 12. Katika mashindano ya dunia ya uwanjani, kama yale ya Santiago, Chile, yaliyofuata mwezi mmoja tu baada ya Kigali, mataji ni 22. Na barabarani, ili mmoja ashinde, anahitaji wenzake wa kumkinga upepo, magari nyuma, mafundi, wapishi na msimu mzima wa mbio za Ulaya wa kumkomaza. Uwanjani msichana mmoja mwenye miguu, kocha na mahali pa kufanyia mazoezi anaweza kuitikisa dunia.

Sitoi hadithi za kufikirika. Nicholas Paul anatoka Trinidad na Tobago, visiwa ambavyo watu wake wote wangeenea katika kona moja ya nchi zetu. Mwaka 2019 aliweka rekodi ya dunia ya mita 200 kwa sekunde 9.100, na ilidumu hadi Olimpiki ya Paris. Azizulhasni Awang wa Malaysia alikuwa bingwa wa dunia wa keirini mwaka 2017. Sarah Lee wa Hong Kong alitwaa mataji mawili ya dunia mwaka 2019, mbio fupi na keirini, na ana medali mbili za shaba za Olimpiki. Hakuna hata mmoja wao aliyetoka katika nchi inayosifika kwa Tour de France, zile mbio za wiki tatu za Ufaransa. Walichokuwa nacho ni mpango, na mahali pa kuzungukia.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu tumelisikia mara nyingi: Waafrika ni watu wa milima, waacheni wapande. Mnisamehe, lakini aliyesema hivyo hamtazami Biniam Girmay. Mtu huyu wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuivaa jezi ya kijani hadi mwisho, na hiyo si jezi ya wapanda milima. Ni jezi ya wenye kasi ya kumalizia. Mwaka uliofuata ilichukuliwa na nani? Jonathan Milan wa Italia, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo uwanjani, katika mbio za kufukuzana kwa timu. Waingereza Geraint Thomas na Bradley Wiggins walikuwa mabingwa wa Olimpiki uwanjani kabla ya kushinda Tour. Lotte Kopecky wa Ubelgiji, ndani ya siku chache za Agosti 2023 huko Glasgow, alibeba mataji mawili ya uwanjani na lile la barabarani. Uwanja na barabara ni ndugu wa tumbo moja. Tour de France yenyewe ilikuwa ikimalizikia ndani ya velodromu hadi mwaka 1974, na Paris–Roubaix, mbio maarufu za siku moja, zinamalizikia kwenye velodromu hadi leo.

Kwa hiyo mnapotuachia barabara peke yake mnatupa nusu ya mchezo, tena nusu iliyo ghali zaidi.

Kuna jambo moja la historia ningependa mlibebe mtakapokwenda Montreal kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2026. Mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa baiskeli ni Mmarekani aliyeitwa Marshall Taylor, maarufu kama "Major" Taylor. Alilipata taji hilo uwanjani, si barabarani. Mwaka ni 1899, kabla UCI haijazaliwa. Mji ni huo huo Montreal.

Sasa nije Paris 2024, kwa Ese Ukpeseraye wa Nigeria. Alikwenda kushindana barabarani. Akiwa huko huko, zikapatikana nafasi za kumwingiza katika mbio za uwanjani, keirini na mbio fupi. Mtu mwingine angefurahi tu. Yeye alikuwa na tatizo, kwamba hakuwa na baiskeli ya uwanjani. Waliomsaidia ni timu ya Ujerumani, iliyomwazima baiskeli, naye akawashukuru hadharani. Akawa Mnigeria wa kwanza kushindana uwanjani kwenye Olimpiki.

Dunia iliisimulia habari hiyo kama kisa cha kutia moyo, na wema wa Wajerumani ulikuwa wema wa kweli. Lakini ninyi mnaoshika mamlaka hamkupaswa kuisoma hivyo. Mwanariadha wa Olimpiki, kwenye mashindano yanayosimamiwa na kanuni zenu, alitegemea huruma ya wapinzani wake ili apate kifaa cha kushindania. Baiskeli ya kuazima haijapimwa kwa mwili wako. Tandiko, usukani, urefu wa mkono wa pedali, vyote ni vya mwingine, na uwanjani tofauti ya sentimita moja inakula sehemu za sekunde ambazo ndizo mchezo wenyewe. Kanuni zenu zinataka kifaa cha Olimpiki kiwe kimeingizwa sokoni ili kila anayetaka akinunue. Sawa, kiko sokoni. Chama cha taifa ambacho bajeti yake ya mwaka haitoshi baiskeli mbili za aina hiyo kitafanya nini na ruhusa ya kununua?

Kuna njia, na haikubuniwa na mimi. Japani, ambako keirini ilizaliwa mwaka 1948 mjini Kokura, waendeshaji wa kulipwa bado wanatumia baiskeli za chuma zilizoidhinishwa kwa vipimo vya aina moja, ili watu washindane kwa miguu na akili, si kwa pochi. Wekeni daraja kama hilo katika mashindano ya Afrika ya vijana: fremu za chuma za vipimo vinavyojulikana, magurudumu ya kawaida, basi. Na katika mashindano ya dunia na mbio za kufuzu kuwe na stoo ya baiskeli za uwanjani za saizi zote, inayotunzwa na mafundi wenu, ambayo nchi ndogo inaweza kuomba miezi kadhaa kabla na mwendeshaji akapimwa ipasavyo. Mafundi mnao, na huko Aigle, Uswisi, mnao hata uwanja wa mbao wa mita 200 ndani ya makao yenu, ambako vijana wa Kiafrika hupelekwa kunolewa. Girmay mwenyewe alipita hapo. Tatizo ni kwamba kijana anafundishwa uwanja, anaupenda, kisha anarudishwa kwenye nchi isiyo nao. Afrika nzima velodromu za kimataifa ni za kuhesabika kwa vidole: Cairo, iliyopokea mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2021, Abuja, na chache za Afrika Kusini. Kuanzia Asmara kushuka hadi Mbeya, mwendeshaji anayetaka kuzunguka hana pa kwenda.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo linanishangaza kwamba halijasemwa kwa sauti.

Kwenye kasi ya uwanjani, adui mkubwa wa mwendeshaji ni hewa iliyo mbele yake. Mlima haupo, matope hayapo, kilichobaki ni upepo anaoutengeneza mwenyewe kwa kwenda mbio. Ukipanda hadi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa unapungua kwa takriban asilimia 18. Oksijeni nayo inapungua, kweli, lakini katika mbio za sekunde kumi au dakika moja hasara hiyo ni ndogo kuliko faida. Ndiyo maana rekodi zimekuwa zikikimbilia milimani. Eddy Merckx alikwenda Mexico City mwaka 1972 kuweka rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi ambao mtu anaweza kuzunguka ndani ya saa moja. Rekodi ya Nicholas Paul niliyoitaja ilipatikana Cochabamba, Bolivia, zaidi ya mita 2,500 juu. Vittoria Bussi alikuwa mwanamke wa kwanza kupita kilomita 50 katika saa moja, mwaka 2023, kwenye uwanja wa Aguascalientes, Mexico, ulio karibu mita 1,900. Agosti 2025 Matthew Richardson alikwenda Konya, Uturuki, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,000 hivi, akavunja ukuta wa sekunde tisa katika mita 200. Filippo Ganna aliendesha kilomita 56.792 ndani ya saa moja huko Grenchen, Uswisi, mahali pa chini tu, kwa hiyo mwinuko si kila kitu. Hata hivyo unajua wenye haraka wanatazama wapi.

Sasa chukueni ramani. Asmara iko juu ya mita 2,300, na Addis Ababa vilevile. Eldoret, ambako mashindano ya Afrika ya barabarani yalifanyika Oktoba 2024 na Henok Mulubrhan wa Eritrea akatwaa taji kwa mara ya tatu mfululizo, iko karibu mita 2,100. Nairobi ni mita 1,700 hivi, Kigali 1,500. Ni kanda chache duniani zenye watu wengi hivi, miinuko hii, hali ya hewa ya wastani mwaka mzima, na vijana waliozaliwa wakivuta hewa hiyo nyepesi. Wanariadha wa Ulaya na Marekani tayari huja Iten kukimbia, wanalipa malazi, wanakaa wiki na wiki. Uwanja mzuri wa baiskeli kwenye mwinuko huo ungewaleta wa magurudumu pia, na fedha zao ndizo zingelipa umeme na mlinzi. Mnapofikiria velodromu ya Afrika kama sadaka, mnapiga hesabu vibaya.

Nasikia pia pingamizi la pili, lenye uzito zaidi: velodromu ni majengo ya fahari yanayobaki matupu mashindano yakiisha. Ni kweli kwa yale ya mbao yenye paa. Mbao inataka joto na unyevu vidhibitiwe, paa linataka kutunzwa, na velodromu ya Olimpiki ya Rio ilishika moto paa lake mwaka mmoja tu baada ya michezo. Sisi hatuombi hiyo. Kanuni zenu wenyewe zinakubali uwanja wa kuanzia mita 133 hadi mita 500. Uwanja wa Roubaix ni wa zege, hauna paa, una mita 500 hivi, na mvua ya Ufaransa ya kaskazini haijaumaliza. Zege wajenzi wetu wanaijua. Kinachohitaji utaalamu wa nje ni hesabu ya kona na usawa wa uso wake, na hapo ndipo mkono wenu unapotakiwa: michoro, wapimaji, na cheti. Mvua ikinyesha tutasubiri ikauke, tumezoea.

Katikati ya uwanja panabaki eneo la kutosha kwa mpira wa wavu, kikapu, hata soko la Jumamosi. Asubuhi watoto wa shule, jioni klabu.

Na watoto hao ndio sababu ambayo kwangu inazizidi medali. Leo kijana wa Afrika Mashariki akitaka kufanya mazoezi ya baiskeli anaingia barabara kuu, pamoja na malori, mabasi yanayofukuzia ratiba, na pikipiki zisizo na taa. Wazazi wanaomkataza binti yao wana haki kabisa. Tunalalamika kwamba wanawake ni wachache katika mchezo huu, kisha mahali pekee tunapowaelekeza ni pale ambapo mama yeyote mwenye akili atasema hapana. Kwenye duara lililofungwa, lenye kocha na lango, binti wa miaka 12 anaweza kujifunza kasi bila kukutana na lori hata moja.

Kuhusu kuunganisha mashindano nitasema kidogo, maana hoja ni yenu. Mwaka 2023 mlikusanya barabara, uwanja, milima na mengine chini ya mwavuli mmoja Glasgow, na mwaka 2027 mtafanya hivyo tena Haute-Savoie, Ufaransa. Mlisema kukusanya kunapunguza mtawanyiko na kunaleta watazamaji. Basi kwa nini mashindano ya Afrika ya barabarani na ya uwanjani yabaki safari mbili, nchi mbili, miezi miwili tofauti, wakati tiketi ya ndege kutoka nchi moja ya Afrika hadi nyingine mara nyingi hupita ile ya kwenda Ulaya? Uholanzi na Denmark zilitangaza mapema kwamba hazitapeleka vijana wao Kigali, gharama ikiwa sababu. Sikuwacheka. Nilijiuliza tu kama kuna mtu huko Aigle aliyekumbuka kwamba hesabu hiyo iliyowashinda matajiri mara moja, vyama vyetu vinakutana nayo kila msimu, na juu yake foleni ya viza.

Wenyeviti wetu, msidhani nimewasahau. Hatuwezi kuwalaumu wa Aigle halafu msafara wetu uwe na viongozi wengi kuliko waendeshaji. Hakuna shirikisho la kimataifa litakalotujengea kwenye ardhi ambayo serikali yetu haijaitoa, na ardhi hiyo haiombwi na UCI, inaombwa na ninyi, kwa barua, kwa wizara, kwa kufuatilia hadi kero. Baiskeli za msaada zikifika zisilale bandarini zikisubiri msamaha wa kodi ambao hakuna aliyeuomba kwa wakati. Na orodha ya wanaokwenda kwenye kambi ibandikwe ukutani pamoja na muda wa kila mmoja, ili aliyeachwa ajue aliachwa kwa sekunde ngapi.

Bwana Lappartient, wajumbe walikuchagua tena hukohuko Kigali, kwenye mkutano mkuu uliofanyika wakati wa mashindano. Ulipata muhula wako mpya juu ya ardhi yetu, na muda wako wa miaka minne unaifikia Olimpiki ya Los Angeles 2028 na kuipita. Tunaomba yafuatayo yawe kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa Montreal, kwa maandishi: nchi mbili za nyanda za juu zitakazopewa michoro na wapimaji wa uwanja wa zege, na mwaka wa kuanza kuchimba msingi, stoo ya baiskeli za kuazimwa, na jina la ofisi inayoishughulikia, na mwaka ambao bingwa wa Afrika wa barabarani na yule wa uwanjani watavishwa medali katika mji mmoja, wiki moja. Kama jibu ni hapana kwa lolote kati ya hayo, tuambieni hapana pamoja na sababu, tujue tuanze kuomba wapi kwingine.

Wenu katika mchezo,

Mwalimu wa waendesha baiskeli chipukizi,
Afrika Mashariki